Nyambizi iliyolowekwa magadi miaka minne

Mjukuu wangu ana miaka tisa na tayari ananisahihisha Kiingereza. Jumamosi moja ya mwezi wa nne mamake alikuwa zamu hospitalini, manyunyu ya Portsmouth hayataki kukatika, na mtoto ameshavunja kila kilichovunjika pale nyumbani. Nikamwambia twende tukaone nyambizi. Akauliza, "Babu, ya kweli au ya picha?" Nikamwambia ya kweli, tena tutaingia ndani. Hapo ndipo alipokubali kuvaa viatu.

Kabla sijafika mbali nijitambulishe, maana sifa au lawama ya mtu usiyemjua ni porojo tu. Mimi ni fundi wa injini za baharini, nimestaafu. Miaka thelathini na mbili nimeinamia ngama za vyombo pale Mombasa: boti za uvuvi, boti za kupeleka watalii, tagi mbili tatu za Kilindini. Ngama, kwa ndugu zetu wa bara, ni kule chini kabisa tumboni mwa chombo yanakokusanyika maji, mafuta na kila spana iliyowahi kukuponyoka. Kwa hiyo nikiingia makumbusho, bendera na medali huzipita. Mimi natazama riveti, zile pini zinazoshikanisha mabamba ya chuma.

Makumbusho haya ni ya nyambizi za jeshi la wanamaji la Uingereza, na yako Gosport, ng'ambo ya pili ya bandari ya Portsmouth. Unavuka kwa feri ndogo ya abiria, dakika hazifiki kumi. Mtu wa Likoni ataiona kama mchezo: watu wamekaa vitini, hakuna mkokoteni wa machungwa, hakuna mbuzi, hakuna anayekukanyaga. Lakini Likoni mwenda kwa miguu halipi, na hapa unalipa. Ukishuka, unatembea kama robo saa kando ya maji na kuvuka daraja dogo la Haslar. Utajua umekaribia ukiona mnara mrefu mnene usio na madirisha ya maana. Ndani ya mnara ule mna tangi la maji lenye kina cha mita 30, na humo ndimo mabaharia wa nyambizi walimokuwa wakifundishwa kutoka kwenye chombo kilichokwama chini na kuelea hadi juu wakiwa hai. Mjukuu wangu alitaka kujua kama na sisi tutafundishwa. Nikamwambia labda siku nyingine.

Kinachokupokea pale ni Alliance, dude la mita 85 lililopandishwa juu ya nguzo. Lilishushwa majini mwaka 1945 vita vikiwa ukingoni, na mwaka 1947 likakaa chini ya maji siku thelathini mfululizo likivuta hewa kwa bomba. Wanaokutembeza ndani ni mabaharia wa zamani wa nyambizi, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu aende, kwa sababu ukiwauliza swali la injini wanakujibu la injini. Mzee mmoja tulishikana kwenye mambo ya pampu za mafuta hadi foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa. Nilijigonga kichwa mara mbili kwenye milango ya duara, na mara ya pili ilikuwa mlango uleule wa mara ya kwanza. Kuna na ile ndogo ya watu wanne ya wakati wa Hitler, X24. Zote nzuri. Lakini Alliance ni nyambizi ya kila mtu, ndiyo iliyo kwenye picha. Mimi niliyoipenda ni nyingine, na wageni wengi niliowaona waliipitia kama wanaotafuta choo.

Inaitwa Holland 1. Ndiyo nyambizi ya kwanza kabisa ya jeshi la wanamaji la Uingereza, na imepewa jumba lake peke yake, lenye hewa kavu hadi koo inakuwasha. Ukiiona kwa mbali utasema ni nguru mwenye mayai: nene katikati, imechongoka shetri, yaani nyuma, na omo, yaani mbele, imeviringana. Urefu wake futi 63 na inchi 10, yaani Nissan nne za matatu zikipangwa foleni basi. Juu pana kijimnara kifupi chenye vidirisha, ambacho mtu mzima akisimama anakijaza chote. Na humu walikuwa wanaingia watu wanane. Unaingia ndani kwa miguu yako, unasimama, na ukinyoosha mikono unajua mara moja kwamba hapa palikuwa mahali pa kazi tu, hapakuwa mahali pa kuishi. Sikuona kitanda. Choo sikukiona. Mataruma ya chuma yamejipanga kama mbavu za jahazi, kwa karibu karibu, na bamba limepigwa riveti kwa mkono. Ukilipapasa kwa macho unaona hakuna riveti mbili zenye kichwa sawasawa. Kule mbele kabisa uko mdomo wa bomba la topido, moja tu, la inchi 18. Silaha nyingine haina.

Jina limetoka kwa aliyeichora, John Philip Holland, mwalimu wa shule kutoka Liscannor, Ireland, aliyehamia Marekani mwaka 1873. Hapa pana jambo lililonichekesha hadi mjukuu akaniuliza nina nini. Chombo chake cha awali cha maana, kilichoteremshwa majini New York mwaka 1881, kililipiwa na Wafenia, yaani Waairishi waliokuwa wakitafuta njia ya kuzamisha meli za Mwingereza. Wakagombana naye mambo ya fedha, na mwaka 1883 wakaja usiku wakakiiba chombo chao wenyewe wakakivuta kwa tagi. Wakashindwa kukiendesha. Miaka kumi na saba baadaye, Mwingereza huyohuyo akaagiza nyambizi tano za michoro ya Holland, kila moja pauni 35,000. Mtu anatengeneza mtego wa kumnasa jirani, halafu jirani anakuja kuununua.

Na waliununua kwa aibu. Maadmirali wengi waliona kupigana chini ya maji ni tabia ya mwizi, si ya baharia. Kazi ilifanywa kwa kampuni ya Vickers, Barrow-in-Furness, kuanzia Februari 1901, ndani ya banda lililoandikwa nje kwamba ni la kuundia mashua za starehe. Vipande vilivyolazimika kutengenezwa kwenye karakana ya wazi viliandikwa ni vya pantoni namba moja. Nimefanya kazi bandarini, na nakuhakikishia kila mpiga riveti alijua. Huwezi kumpa fundi bamba la duara lenye unene ule ukamwambia ni la pantoni akakuamini. Ikashushwa majini tarehe 2 Oktoba 1901 na ikazama kwa makusudi mara ya kwanza tarehe 20 Machi 1902, ndani ya bwawa la gati, si baharini.

Sasa nifike kwenye kilichonishika koo. Injini ya petroli.

Nyambizi hii ikiwa juu ya maji ilikuwa inaendeshwa na injini ya petroli ya nguvu farasi 160, na ikizama inaendeshwa na mota ya umeme ya nguvu farasi 74 inayokula betri za asidi. Petroli, ndani ya chupa ya chuma iliyofungwa, na watu wanane, na betri. Nilisimama pale nikahisi kovu langu linawasha. Nina kovu hapa kwenye mkono wa kushoto, kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko. Ni la boti ya mwendo kasi ya tajiri mmoja, injini mbili za petroli, bomba la mafuta lina ufa mwembamba kama unywele. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukaunusa, unatelemka kwenye ngama ukakaa kimya kama nyoka kwenye pango. Kijana wangu wa kazi akafungua swichi ya pampu ya ngama, cheche moja, na mimi nilikuwa nimeinama na mkono ndani. Boti ilikuwa wazi juu, ndiyo maana niko hapa naandika. Ingekuwa na kifuniko kama hii, mngesoma habari zangu kwenye ubao wa matangazo ya msikiti.

Basi tarehe 3 Machi 1903 Holland 1 ililipuka ndani, watu wanne wakajeruhiwa. Sikushangaa; nilishangaa kwamba ilikuwa mara moja tu. Dada yake wa aina iliyofuata, A5, ililipuka kwa mvuke wa petroli mwaka 1905 bandarini Queenstown, Ireland, na hapo watu walikufa. Ikachukua miaka kadhaa mpaka wakaelewa kwamba ndani ya nyambizi panafaa dizeli, mafuta yasiyotafuta ugomvi. Mimi nimekuwa mtu wa dizeli maisha yangu yote na niliondoka pale nikitembea kifua mbele kidogo.

Kwa hewa mbaya walikuwa na kifaa chao: panya weupe watatu kwenye kizimba. Moshi wa petroli una gesi isiyo na harufu wala rangi, inayokulaza usingizi ukafa. Panya ana kijimwili kidogo na anapumua haraka, kwa hiyo anazimia kabla yako. Panya akilala, watu wanapanda juu. Mjukuu wangu aliuliza kama panya walikuwa wanapewa mishahara, na mzee wa kujitolea aliyekuwa karibu alicheka hadi akavua miwani.

Periskopu nayo ni ya kusimuliwa. Ilikuwa miongoni mwa za kwanza katika jeshi lile, ilibuniwa chini ya Kapteni Reginald Bacon, aliyekuwa mkuu wa nyambizi zote hizi. Haikuwa inapanda na kushuka kama unavyoona kwenye sinema. Ililala ubavuni mwa chombo, ikaja ikasimamishwa kwa kiungo cha tufe kama kile cha nyonga. Lakini kwa jinsi vioo vilivyowekwa, ukitazama mbele unaona meli imesimama wima, ukigeuza kutazama ubavuni unaiona imelala, na ukitazama nyuma unaiona miguu juu kichwa chini. Kwa hiyo nahodha hakuhitaji dira kujua meli iko upande gani, aliitazama imelala vipi. Fundi mwingine angesema ni kasoro. Mimi naona mtu akizoea ni afadhali kuliko namba, ila sitaki kuwa kwenye chombo cha anayejifunza.

Je, ilipigana? Hapana. Hata siku moja. Karibu kabisa ilipofika ni Oktoba 1904, na hii nimeisoma mara tatu kwa sababu inahusu wavuvi. Manowari za Kirusi zilikuwa zinatoka Bahari ya Baltiki kwenda kupigana na Wajapani upande wa pili wa dunia. Usiku, kwenye Bahari ya Kaskazini, zikaona taa za matrela, yaani meli za uvuvi za kuburura nyavu, kutoka Hull, Uingereza, zikadhani ni boti za topido za Wajapani. Wajapani, Bahari ya Kaskazini! Wakafyatua mizinga. Trela moja likazama, wavuvi wakafa wakiwa na samaki mikononi. Nimefanya kazi na matrela, najua taa zile zinavyowekwa: nyingi, kali, sitaha nzima inang'aa ili mtu apare samaki bila kujikata kidole. Kitu kinachong'aa namna ile hakiwi boti ya kuvamia.

Uingereza ikawaka. Tarehe 24 Oktoba nyambizi za Holland pamoja na tatu za aina ya A zikatoka Portsmouth kwenda kuwangoja Warusi. Kabla hazijafanya lolote zikaitwa zirudi. Warusi wakaendelea na safari yao, wakaizunguka Afrika, wakatia nanga majuma mengi Nosy Be, Madagaska, kisha wakaenda kumalizwa na Wajapani kule Tsushima mwezi wa tano 1905. Nikiwa nimesimama mle ndani nilijaribu kuwawazia wale vijana wa Holland 1 usiku ule: petroli chini ya miguu, panya watatu, topido, na bahari ya Oktoba. Kwa maoni yangu aliyewaita warudi aliokoa maisha ya Waingereza wengi kuliko ya Warusi.

Ajali ya kwanza ya kuua ilikuwa imeshatokea miezi saba nyuma, kwenye mazoezi. Tarehe 18 Machi 1904 A1 iligongwa na meli ya abiria iliyokuwa inapita zake, Berwick Castle, ikazama na watu wote kumi na mmoja. Meli ile ilikuwa ya Union-Castle, kampuni ambayo wazee wetu wa Kilindini waliijua vizuri. Babangu alipakua mizigo yao. Baada ya hapo kila nyambizi mpya ikawekewa kifuniko cha pili chini ya kile kijimnara, ili mnara ukivunjwa maji yasiteremke moja kwa moja. Holland 1 haina. Ukiingia, tazama juu: tundu moja, kisha anga.

Kufika mwaka 1913 ilikuwa takataka. Iliuzwa kwa wafanyabiashara wa chuma chakavu, Thos. W. Ward, kwa pauni 410, na kila kitu chake ndani. Sharti lilikuwa moja tu, bomba la topido liharibiwe lisitumike tena. Kutoka 35,000 hadi 410 katika miaka kumi na miwili. Nimewahi kuona matatu ikianguka bei namna hiyo, lakini ile ilikuwa imepinduka. Wakati inavutwa kwenda kukatwa, dhoruba ikaikuta karibu na mnara wa taa wa Eddystone, nje ya Plymouth. Ndani hamkuwa na mtu. Ikaenda chini peke yake.

Na ndiyo iliyoiokoa. Ingefika salama ingekuwa vyuma vya reli. Dada yake Holland 5 naye alizama akivutwa, mwaka 1912, na bado yuko chini, karibu na Beachy Head, analindwa na sheria. Hata hivyo mwaka 2010 wapiga mbizi walikuta kifuniko cha bomba lake la topido kimeibwa. Kwetu chuma chakavu kiliwahi kupigwa marufuku na Rais kwa sababu ya nguzo za umeme, lakini hata vijana wetu hawajafika kiwango cha kuiba chini ya bahari ya Uingereza.

Holland 1 ilitafutwa na mwanahistoria wa Plymouth, Michael Pearn, na mwaka 1981 meli ya kusaka mabomu ya baharini, HMS Bossington, ikaiona. Mwezi wa kumi na moja 1982 ikainuliwa. Wakafanya kile ambacho hata mimi ningefanya: wakaisafisha, wakaipiga dawa ya kuzuia kutu, wakaiweka watu waione. Baada ya miaka kama kumi tu, ilipofika 1993, wakakuta chuma kinaliwa upya, tena kwa kasi.

Hapa ndipo nilipomwambia mjukuu wangu akae chini kwenye benchi ale biskuti zake, kwa sababu babu hatoki.

Chuma kilichokaa baharini karibu miaka sabini kimekunywa chumvi. Sisemi ile ya juu unayoiondoa kwa mpira wa maji. Imeingia kwenye vinyweleo vya kutu hadi pale kutu inapogusana na chuma kizima. Kikiwa bado chini ya bahari mambo huenda polepole, hewa ni haba. Kitoe nje, kipate hewa na unyevunyevu, na ile kloridi iliyo ndani ya chumvi inaamka: inazaa asidi, asidi inakula chuma, kutu mpya inaota, na kloridi yenyewe haiishi, inarudi kazini. Kila fundi wa Pwani ameliona hili bila kulijua jina. Unaopoa injini iliyozama, unaiosha, unaipaka grisi, Jumatatu inang'aa. Ijumaa inabanduka tabaka tabaka kama chapati ya kusukuma. Nimewahi kugombana na mwenye boti aliyeapa kwamba nimembadilishia bloku usiku.

Wao walifanya nini? Waliijengea tangi la faiba kuizunguka nyambizi nzima, palepale ilipo, wakalijaza maji yaliyotiwa sodiamu kaboneti. Nilisoma maneno hayo, nikasoma tena, nikapiga paja. Ni magadi! Magadi haya haya, ya Ziwa Magadi, yale ambayo treni yake imekuwa ikishuka Mombasa tangu kabla sijazaliwa, yale ambayo nyanya yangu alikuwa akimega kipande kama ukucha akatia kwenye maharage yaive haraka. Sidai kwamba yalitoka kwetu, soda ni soda popote. Lakini dawa ni ileile.

Na dawa yenyewe ina akili. Maji ya magadi ni kinyume cha asidi, kwa hiyo chuma kikiwa ndani yake kutu haiendelei. Wakati huohuo ile kloridi iliyojificha ndani inaanza kutoka, inahamia kwenye maji, taratibu, taratibu sana. Huwezi kuiharakisha kwa nyundo wala kwa moto. Unangoja. Walianza 1995 na wakangoja miaka minne. Nimetengeneza injini kwa siku tatu na mwenye boti amenipigia simu mara ishirini. Miaka minne! Mwaka 2001, nyambizi ikitimiza karne moja, ikahamishiwa kwenye jumba hili lenye hewa inayodhibitiwa unyevu, ndiyo maana koo linakuwasha. Mwaka 2011 taasisi ya wahandisi mitambo ya Uingereza ikaipa tuzo ya urithi wa uhandisi, na mimi ningeomba nusu ya tuzo ile wapewe waliokuwa wakilichunga tangi.

Ukitazama bamba kwa karibu, kule karibu na shetri, utaona limechimbika vishimo vishimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui zamani. Vidonda vimepona, alama zimebaki. Nilimwonyesha mjukuu, akapitisha kidole hewani juu yake bila kugusa, kwa sababu nilikuwa nimeshamwambia jasho la mkono nalo lina chumvi.

Sasa ya manufaa, kwa anayetaka kwenda. Tenga nusu siku, isipungue. Wengi wanaanza na Alliance kwa sababu iko mbele. Wewe anza na Holland 1 asubuhi kabla hapajajaa, maana wakiingia watu sita hakuna pa kugeuka. Viatu viwe bapa. Mwenye magoti mabovu kama mimi Holland ataiweza polepole, Alliance itamsumbua kwenye yale matundu. Mtoto chini ya miaka sita atachoka haraka na historia, lakini panya watamshika. Usiende na mtu anayetaka kupiga picha kila hatua. Chai ubebe yako kama unaipenda ya tangawizi. Nikiulizwa nyota, naipa Alliance nne, na Holland 1 tano. Moja kati ya hizo tano ni ya tangi ambalo halipo tena.

Jioni, feri ikiturudisha, nilimpigia rafiki yangu wa Mtongwe. Ana injini ya dizeli ya boti iliyozama miezi sita iliyopita, ameiopoa, na anaifuta kwa mafuta ya taa kila siku kama mtu anayemkanda mgonjwa. Nikamwambia aache mafuta ya taa, atafute pipa, aende sokoni anunue magadi. Akaniuliza kama baridi ya Ulaya imenipanda kichwani. Nikamwambia aloweke bloku, abadilishe maji kila baada ya majuma machache, na pistoni azitoe kwanza, kwa sababu alumini na magadi hazielewani. Kimya kidogo. Kisha akauliza, "Iloweke kwa muda gani?"

Nikamwambia nitampigia kesho, salio linaisha.